Minazi ya mahari ya Bibi na ramani ya marehemu Baba



Mtuwie radhi kwa kimya chetu. Tuko katika matayarisho ya harusi ya mdogo wetu, na nyumba ya harusi mnaijua wenyewe: leo mshonaji, kesho mpishi, keshokutwa ndugu walionuna. Lakini leo hatuzungumzi nguo wala hina. Tunataka kuwasimulia habari ya shamba la Bibi, na jinsi ramani ya zamani ilivyotupeleka mahali tulipopataka, ikatuonyesha jambo tusilolitaka.

Sisi ni dada watatu, watu wa Mji wa Kale, Mombasa. Bibi yetu mzaa mama alizaliwa upande wa Mambrui, ng'ambo ya Mto Sabaki, akaolewa huko huko, na akaja kisiwani na mumewe akiwa tayari ana watoto. Tangu tukiwa wadogo tumelisikia shamba la Bibi. Gunia la nazi likija, la shamba la Bibi. Embe zikija, za shamba la Bibi. Na kila mtu nyumbani alijua kwamba shamba lile ni mahari yake, aliyopewa siku ya nikaha.

Basi kwenye kikao cha posa, Mjomba akasimama. Akasema wakati umefika shamba lile litafutwe, lipimwe, lichukuliwe hati, na bi harusi akatiwe kipande chake kiwe zawadi ya mama mzaa mama yake. Vigelegele vikapigwa. Bei ya ardhi Kaunti ya Kilifi siku hizi mnaijua, kuanzia Mtwapa mpaka Malindi na kuendelea. Mdogo wetu alifurahi, na sisi hatukosi kusema kweli: tulifurahi pia, na kila mmoja moyoni alikwisha jenga nyumba yake ya vyumba viwili.

Shida ilikuwa moja. Hakuna aliyejua shamba liko wapi. Bibi hajafika huko miaka mingi, na macho yameshika mtoto wa jicho. Ukimuuliza anakwambia, "Ukitoka msikitini, ushike njia ya kisimani." Msikiti upi, kisima kipi? Anakushangaa.

Ndipo tukakumbuka ramani za marehemu Baba.

Baba, Allah amrehemu, alikuwa mwalimu wa jiografia. Juu ya kabati aliweka bomba la karatasi ngumu, na ndani yake ramani za pwani alizokuwa akifundishia. Tulipozikunjua zilitoa vumbi na harufu ya dawa ya nondo. Ni za kipimo cha 1:50,000, maana yake sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Zimechapwa mwanzo wa miaka ya 60, kutokana na picha zilizopigwa na ndege miaka ya 50. Kazi ile ilikuwa ya idara ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kupima makoloni yao yote. Mwaka 1957 wakaibadilisha jina, neno "koloni" likatolewa. Picha zilipigwa huku kwetu, ramani zikachorwa kwao.

Juu kabisa imeandikwa kuwa Kenya ni koloni na himaya. Wengi wetu shuleni hatukufundishwa kwamba hivyo vilikuwa vitu viwili. Koloni ilikuwa bara. Himaya ilikuwa Mwambao, ule ukanda wa maili kumi kutoka baharini, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliukodi tangu 1895 kwa pauni 11,000 kwa mwaka, mpaka ulipokabidhiwa Kenya mwaka 1963. Kwa hiyo siku Bibi alipoolewa, kwa karatasi alikuwa raia wa Sultani. Tulipomwambia alisema, "Ahaa," akaendelea kuchambua mchele.

Tulitandika ramani chini, tukaweka vikombe pembeni isijikunje, tukaanza kumsomea kutoka Mombasa kwenda juu. Hiyo ndiyo saa tuliyoipenda kuliko zote. Tukisoma jina, yeye anasema yake. Nyali: alivuka daraja lile la kuelea la mwaka 1931, lililodumu mpaka likajengwa hili la sasa mwaka 1980. Mtwapa: anakumbuka pantoni ya kuvutwa kwa mikono, wanaume wakiimba, naye amejifunika buibui, ana mtoto mgongoni na kuku kwenye kikapu. Vipingo: mkonge, mkonge, mkonge, mpaka macho yanachoka, na kweli ramani imeandika mkonge. Kilifi: feri. Leo tunapita darajani dakika moja hatutazami hata chini, lakini daraja lile ni la mwaka 1991 tu. Kabla yake mtu alikaa foleni, akanunua korosho na samaki wa kukaanga, akasikia habari za harusi za watu asiowajua.

Gede imechorwa kama magofu katikati ya msitu. Wakati picha zile zinapigwa, James Kirkman alikuwa amekwisha anza kuchimba pale, tangu 1948. Na mwaka 2024 mji ule umeingizwa katika Urithi wa Dunia. Bibi alisema wao walikatazwa kwenda huko, kwa kuwa watu wa mji ule hawajaondoka wote. Dada yetu mkubwa akamwambia hayo si maneno ya kuamini. Bibi akamjibu, "Sijasema naamini, nimesema hatwendi."

Malindi ndipo tulipopigwa na butwaa. Tulipoweka ramani karibu na picha ya setilaiti kwenye simu, ufuo haukulingana. Mto Sabaki unashuka na udongo mwekundu kutoka bara, unaumwaga kwenye ghuba ya Malindi, na mchanga umesogea mbele. Penye maji kwenye karatasi ya Baba, leo ni nchi kavu. Kumbe hata pwani ina umri, inanenepa.

Tulipovuka Sabaki, Bibi akanyamaza. Halafu akauliza, "Kisima mnakiona?" Tukatafuta. Karibu na kijiji (mtatusamehe, kijiji hatutakitaja, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini) tukaona alama ya kisima na njia ya miguu ya vitone vitone, na kando yake alama za minazi. Akasema, "Basi hapo. Minazi yangu iko upande wa jua likizama."

Tukasoma namba za miraba, tukaziingiza kwenye simu, na Jumamosi tukaondoka.

Simu ilitufikisha kwenye boma la watu. Nyumba ya matofali, jiko la makuti, mbuzi, nguo zimeanikwa. Kisima hapakuwa. Tukashuka na ramani yetu, mmoja ananyoosha mkono kuonyesha huku, mwingine anapiga picha. Mwanamke mmoja akawaita watoto ndani. Kijana akatoka, akasimama mlangoni, akatuuliza kwa sauti ya chini, "Mmetumwa na nani?" Tukasema tunatafuta shamba la bibi yetu. Akasema, "Hapa ni pa babu yetu." Mama mzee nyuma yake alianza kulia, hata hatujamwambia neno.

Tulirudi garini tukiwa na aibu ambayo hatuwezi kuieleza vizuri. Upande ule, mtu akija na karatasi na simu, akasimama na kuitazama ardhi, ni habari mbaya inayojulikana. Wengi wanaishi bila hati, wanaitwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa. Na sisi na buibui zetu nzuri tulikuwa ndio habari mbaya ya Jumamosi ile.

Tena mahali penyewe hapakuwa pale! Jirani yetu, mzee mpima ardhi mstaafu, alitucheka tulipomsimulia. Alitueleza kwamba ramani zile zilipimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, na simu zinatumia msingi mwingine, WGS84. Ukichukua namba za ramani ya zamani ukazitia kwenye simu bila kuzigeuza, kwa nchi yetu unakosea karibu mita 300. Mita 300 kwenye ramani ni milimita sita, upana wa kidole kidogo haufiki. Kwenye ardhi ni nyumba ya mtu mwingine kabisa. Tunalisema hili kwa faida ya yeyote mwenye ramani za wazee: msitembee na namba kabla hazijageuzwa. Na kama mnaweza, msitembee na namba kabisa. Anzeni kisimani, salimieni watu.

Safari ya pili tulifanya hivyo. Tuliacha ramani garini. Kisima kilikuwepo, kimejengewa ukingo wa saruji, na wanawake wanateka maji. Tuliposema jina la Bibi, walitupeleka kwa mama mmoja wa Kigiriama, mzee pengine kuliko Bibi mwenyewe, ameketi kwenye mkeka anapepeta mahindi. Alitutazama mmoja mmoja. Akauliza, "Yu hai?" Tukasema yu hai. Akasema, "Yule aliyekataza minazi isigemwe."

Kwa wasiojua: minazi hugemwa tembo, na Bibi alipoondoka aliweka sharti moja kwa mkwezi wake, ambaye alikuwa mume wa mama huyu. Nazi wagawane, makuti wachukue wao, lakini tembo, hapana. Gunia lililokuwa likifika kwetu utotoni lilitumwa na watu hawa, kwa basi, miaka na miaka, na sisi hatukuwahi kuuliza nani anapanda, nani anaangua, nani analipa nauli.

Akatushika mkono akatupeleka upande wa jua likizama. Minazi imezeeka, mingi imekufa kwa ukame na kwa umri, mahali pake wamepanda mikorosho na miembe. Minne ilikuwa imesimama, mirefu, imepinda. Akasema, "Hiyo ni ya bibi yenu. Hatujaigema." Mdogo wetu alishindwa kujizuia, alilia mbele za watu.

Tuliporudi garini tukaikunjua tena ile ramani. Kando ya alama ya kisima, mahali lilipo boma la yule mama, pana nukta tatu ndogo nyeusi. Tulikuwa tumezipita mara kumi. Tukatazama maelezo ya alama chini ya karatasi: nukta ni nyumba. Ndege ilipopita miaka ile ya 50, watu hawa walikuwapo. Karatasi tuliyoibeba ili itusaidie kudai, ilikuwa shahidi wao.

Usiku ule tulimuuliza Bibi wazi: ulipewa shamba, au ulipewa nini? Akashangaa. "Miaka yote nasema minazi yangu. Nyinyi ndio mnasema shamba." Akatuagiza tulete kasha lake dogo. Ndani, chini ya kitambaa cha hariri na kichupa cha marashi kilichokauka, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sisi sote tumehitimu madrasa, Kurani tunaisoma alhamdulillahi, lakini mkono ule wa haraka, usio na irabu, ulitushinda. Ramani ya Mwingereza tunaisoma, karatasi ya bibi yetu hatuisomi. Tulimwita ustadhi anayejua hati za zamani. Akaisoma taratibu mara mbili. Mahari yalikuwa minazi 30 yenye kuzaa, karibu na kisima, upande wa magharibi. Mashahidi wawili. Neno ardhi halimo.

Vijana wengi hawajui, na sisi hatukujua, kwamba pwani yetu mti na udongo zilikuwa mali mbili. Mtu aliweza kuwa na minazi juu ya ardhi isiyo yake. Minazi iliuzwa, iliwekwa rahani, ilirithiwa, ilitolewa mahari, na udongo ukabaki na mwenyewe. Kisha mwaka 1908 Serikali ikatunga sheria ya hati za ardhi ya Mwambao: mwenye kudai aje adai, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali. Waliokuwa na karatasi, na waliojua mlango wa ofisi, walidai. Wagiriama wengi hawakuwa na karatasi, na mwaka 1914, baada ya upinzani ule wa Mekatilili wa Menza, walifukuzwa kwa nguvu upande wa kaskazini wa Sabaki. Baadaye waliruhusiwa kurudi. Ukitazama ramani ya Baba unaziona nukta zao zimetapakaa juu ya ardhi ambayo kwa vitabu si yao.

Na kuna la nyuma zaidi, ambalo nyumbani kwetu halizungumzwi mezani. Mashamba ya Malindi na Mambrui yaliyosifika kwa mtama na ufuta, baada ya Malindi kukaliwa upya mwaka 1861, yalilimwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na waliolipwa fidia ni mabwana. Hatujui minazi 30 ya Bibi ilipandwa na mikono ya nani. Bibi alikuwa binti wa miaka kumi na saba, alipewa haki yake aliyopewa na Mola wake katika Suratun-Nisaa, na hatuna la kumlaumu. Lakini sisi tulitaka kwenda kuchukua na udongo juu yake, na hilo ni letu.

Mjomba alikasirika. Alisema, "Kwani minazi ilipandwa hewani?" Alisema watu wa bara wamejigawia pwani yote kwa hati walizopewa maofisini, na sisi wenyewe wa Mwambao tunakuwa wa kwanza kuacha. Kuna ukweli katika maneno yake, hatutaki kumfanya mtu mbaya. Yeye ndiye aliyetulea baada ya Baba kufariki, na ameshuhudia ndugu wakinyang'anywa. Lakini tulimuuliza: tukimtoa yule mama pale kisimani, tutakuwa tumempokonya mkubwa aliyetupokonya, au tutakuwa tumempokonya aliyetutunzia? Hakujibu. Alivaa kofia akaenda Isha.

Bibi ndiye aliyetushangaza. Tulidhani atahuzunika kwamba mahari yake yamebaki minazi minne. Alicheka. Alihesabu kwa vidole: nazi zile zilimnunulia vipuli hivi anavyovaa, zililipa karo ya Mama ya miaka miwili wakati Babu alipokuwa hana kazi, zilimpikia wali wa maulidi kila mwaka. Mara moja aliiweka minazi 10 rahani, akaikomboa mwenyewe bila Babu kujua. "Mahari yangu nimeyala," alisema, "na nimeshiba. Nyinyi mnatafuta mifupa."

Mdogo wetu amebadilika tangu siku ile. Alikuwa akiona aibu kuzungumzia mahari yake. Tulitaka sisi na mashangazi tuyamalize, na upande wa bwana harusi ulisema tu "dhahabu na vitu vya nyumba". Sasa amekaa na mchumba wake mbele ya wazee, akaomba kila kitu kitajwe. Dhahabu gramu ngapi. Kipi kinatolewa siku ya nikaha, kipi kinabaki deni, na deni hilo lidaiwe lini. Ile aya ndefu ya Suratul-Baqara kuhusu kuandika deni, ustadhi alimwambia, haikuwabagua wake na waume. Karatasi itaandikwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, zote mbili, nakala moja ikae kwa Mama. Bibi alipoambiwa kwamba hata uzito wa bangili utaandikwa, alisema, "Andikeni na kisima."

Harusi ni Mfungo Mosi, inshaAllah, baada ya Idi. Tumemwalika yule mama wa kisimani na binti zake wawili, na amekubali, ila kutoka kwake mpaka barabarani ni mbali na miguu yake haina nguvu. Gari kubwa la kumchukua analo Mjomba. Mpaka tunaandika haya hajasema kama atakwenda.